Maumivu Yabakiayo Baada ya Kansa ya Titi



Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo katika jamaa nyingi halisemwi, kwa sababu ya haya. Mama amepata kansa ya titi. Amepasuliwa, amepigwa mionzi, amedungwa dawa kali zilizomwondolea nywele, na mwisho mganga amemwambia: «Mama, matibabu yamekwisha, rudi nyumbani.» Jamaa yote imeshukuru, na kuku amechinjwa. Lakini miezi sita imepita, mwaka umepita, na mama bado aumwa. Ubavu wamchoma kama moto. Kwapa lamvuta kama kamba iliyokazwa. Upande wa ndani wa mkono umekufa ganzi, walakini nguo ikiugusa tu, ashtuka. Hathubutu kusema. Akisema, ataambiwa kwamba hana shukrani; asiposema, hapati usingizi, na moyoni ajiuliza swali moja tu: «Je, imerudi?»

Swali hilo lastahili jibu, wala si la kumpigapiga begani na kumwambia avumilie. Maumivu yanayobaki si lazima yawe dalili ya kansa kurudi. Nchini Denmark waganga waliwaandikia wanawake waliokuwa wamepasuliwa kwa ugonjwa huu katika miaka ya 2005 na 2006, nao wanawake 3,253 wakajibu. Habari hizo zilitolewa mwaka 2009. Katika kila wanawake 100, 47 walikuwa bado na maumivu, ingawa mwaka mmoja hadi mitatu ulikuwa umepita. Wengi wao waliumwa kidogo au kwa kiasi; lakini katika kila 100 walioumwa, 13 walikuwa na maumivu makali. Walioteseka zaidi walikuwa wanawake vijana, na wale walioondolewa tezi za kwapani. Basi mama anayeumwa asijione kuwa peke yake, wala asidhani kwamba ni yeye tu aliye dhaifu.

Sababu za maumivu hayo ni nyingi. Katika kwapa hupita mshipa mwembamba wa fahamu, ambao kazi yake ni kuchukua habari za ngozi ya upande wa ndani wa mkono wa juu. Mpasuaji anapoondoa tezi za kwapani, mara nyingi mshipa huo huvutwa, na pengine hukatwa. Hapo ngozi hufa ganzi, kisha baada ya muda huanza kuwaka, kuchonyota au kurusha kama umeme. Wako wanawake wanaoumwa au kuwashwa katika titi lenyewe, lile lililokwisha kuondolewa. Huo si wazimu, wala hakuna jirani aliyemtupia mama kitu. Ubongo umeishi miaka mingi na picha ya mwili mzima, nao haukubali upesi kuifuta picha hiyo. Tena, majuma machache baada ya kupasuliwa, huweza kuonekana chini ya ngozi ya kwapa nyuzi ngumu kama nyuzi za gitaa, zikishuka mpaka kwenye kiwiko; mama akiinua mkono, zamvuta. Mionzi nayo hukaza ngozi na nyama polepole, muda wa miezi na hata miaka. Dawa nyingine za kansa huumiza ncha za vidole vya mikono na miguu, na vidonge vya kuzuia homoni ambavyo akina mama wengi hupewa kwa miaka mitano au zaidi huweza kuumiza magoti, vifundo na vidole, hasa asubuhi.

Hata hivyo, liko jambo la kushangaza. Wanawake wawili hupasuliwa namna moja, na mpasuaji mmoja, kidonda hupona sawasawa; mmoja asahau, mwingine aumwa miaka mingi. Ili kulifahamu jambo hilo yatupasa kusema kidogo juu ya maumivu yenyewe, nayo ndiyo sehemu ya elimu hii ambayo mama hafundishwi sana.

Zamani wataalamu walidhani kwamba maumivu ni kama kamba ya kengele. Mfaransa Descartes, ambaye kitabu chake juu ya mwili wa mtu kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1664, alieleza hivi: moto waugusa mguu, uzi wavutwa, na kengele yalia kichwani. Kadiri moto unavyozidi, ndivyo kengele inavyolia. Lakini wakati wa vita kuu ya pili mganga Mmarekani Henry Beecher aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya, akaona kwamba wengi wao, karibu watatu katika kila wanne, hawakutaka dawa ya maumivu, ingawa miili yao ilikuwa imeraruliwa. Aliyaandika hayo mwaka 1946. Moto ulikuwapo, na kengele ililia kidogo tu! Ndipo mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipoandika kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama mlango: habari za maumivu hupita hapo, na mlango huo huweza kufunguliwa zaidi au kufungwa kidogo, hata kwa amri itokayo juu, katika ubongo. Waliokuja nyuma yao wamesahihisha mengi katika fundisho lao, lakini jambo lile kubwa limesimama: maumivu si kipimo cha jeraha. Ni onyo ambalo ubongo hutoa ili kuulinda mwili.

Tuchukue mfano wa mbwa wa mlinzi. Kabla wezi hawajaja, mbwa hubweka mgeni akifika. Wezi wakiisha kuvunja nyumba usiku mmoja, mbwa hubadilika. Hubweka jani likianguka, hubweka mbuzi wa jirani, humbwekea hata mtoto wa nyumbani anayetoka kujisaidia. Wezi wamekwenda zao zamani, lakini mbwa hajui. Tena tuangalie vema: mbwa huyo hasingizii. Abweka kweli, na watu wa nyumba hawalali kweli. Mishipa ya fahamu ya mama aliyepita katika kisu, mionzi na hofu ya kufa imekuwa kama mbwa huyo. Kidonda kimepona, lakini ulinzi umezidi kipimo, na jambo dogo kama sidiria, baridi ya asubuhi au mtoto kumwegemea laamsha kelele zote. Usingizi mbaya wazidisha ukali wa mbwa. Hofu yamzidisha. Ugomvi nyumbani pia wamzidisha.

Twaomba mtu asije akatumia maneno haya vibaya. Mume akisikia kwamba ubongo umo katika shauri hili, asiende kumwambia mkewe: «Basi, ni mawazo yako tu.» Waganga na wauguzi wengine nao husema hivyo, nao hukosa. Maumivu yote, hata yale ya mwiba mguuni, hutengenezwa na ubongo. Wala hakuna asemaye kwamba mwiba ni mawazo.

Sasa, je, kumfahamisha mama mambo haya kwatosha kumponya? Wako wanaosema kwamba kwatosha, nao huyauza maneno kama dawa. Sisi twapenda kuangalia yaliyopimwa. Huko Leuven, nchini Ubelgiji, katika hospitali ya chuo kikuu, wanawake 184 waliopasuliwa kwa kansa ya titi waligawanywa katika makundi mawili. Wote walipewa mazoezi ya viungo. Kundi moja lilifundishwa mambo ya kidonda, misuli na tezi, kama ilivyo desturi; la pili lilifundishwa jinsi ubongo unavyotengeneza maumivu, namna ile ya mbwa wetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti kati yao kwa jinsi maumivu yalivyowazuia katika kazi zao. Wengine walihuzunika kusoma hayo. Sisi twaona faida yake. Kumbe maneno mazuri hayashiki nafasi ya mkono unaonyoshwa kila siku! Fundisho lamwondolea mama hofu ya kujinyosha, nalo latosha kwa kazi hiyo. Akiisha kufahamu kisha akakaa kitini, hajapata kitu.

Jambo la mazoezi lenyewe lilipimwa vizuri Uingereza, katika hospitali 17 za kansa, nayo habari ikatolewa mwaka 2021. Wanawake 392 walichaguliwa, ambao kwa ajili ya kupasuliwa kwapa, au mionzi, au ubovu wa bega wa zamani, walihofiwa kupata shida ya mkono. Nusu walipewa vijitabu tu. Nusu walipewa mtaalamu wa viungo, yule ambaye katika miji yetu huitwa kine, awaonyeshe mazoezi na kuwafuata, kuanzia siku ya saba hadi ya kumi baada ya kupasuliwa. Mwaka ulipokwisha, waliofundishwa na mtu walitumia mikono yao vizuri zaidi na kuumwa kidogo kuliko waliopewa vijitabu, wala vidonda vyao havikuharibika kwa kuanza mapema. Wakubwa wa hospitali wasitukasirikie tukisema kwamba karatasi iliyotiwa mkononi mwa mgonjwa siku ya kutoka si mafundisho.

Lakini twajua kwamba mama wengi husafiri mbali kutafuta matibabu, kisha hurudi mahali pasipo na kine. Basi kabla hajatoka hospitalini, aombe kuonyeshwa kwa macho yake, na binti au dada yake awepo apate kumkumbusha. Siku za kwanza, mirija ya kutoa maji ikiwa bado ubavuni, mazoezi ni madogo: kufumba na kufumbua ngumi, kukunja na kunyosha kiwiko, kuzungusha mabega, kuvuta pumzi ndefu, kujichana nywele, wala mkono usipite urefu wa bega mpaka waliompasua waruhusu. Wakiisha kuruhusu, asimame akitazama ukuta na kupandisha vidole polepole kama buibui, akiweka alama ya makaa mahali alipofika, apate kuona wenyewe unavyopanda juma kwa juma. Alale chali mkekani, aunganishe mikono, aipandishe pamoja juu ya kichwa, mkono mzima ukiusaidia mgonjwa. Aende mpaka asikie kuvutwa, akae hapo kidogo akipumua, kisha arudi. Kuvutwa si vibaya. Uchungu mkali unaobaki saa nyingi ndio unaosema kwamba amezidisha. Kidonda kikiisha kufunga kabisa, kovu lisuguliwe kwa upole na mafuta safi. Aliyepigwa mionzi aendelee wakati wa mionzi na muda mrefu baadaye, kwa kuwa ule ukazaji tuliousema haumwagi kwaheri siku mashine inapozimwa.

Liko kosa moja ambalo twaliona hasa kwa akina mama wenye bidii, na hapa twataka kukawia. Mama aamka siku moja akijisikia mzima. Ashukuru, kisha afanya yote yaliyomngojea: afua nguo za watoto sita, atwanga sombe, apiga nyumba lipu, jioni achota maji. Kesho yake hawezi kuinua kijiko. Alala siku tatu, mkono umefungwa kifuani kwa kitenge, na ajiambia: «Kazi ndiyo inayoniua.» Siku ya nne ajisikia afadhali, arudia yale yale. Kila mzunguko wamwachia nguvu pungufu na hofu zaidi, maana misuli isiyotumika hulegea, bega lisiloinuliwa hukaza, na mbwa wetu aona kwamba alikuwa na haki ya kubweka.

Dawa ya kosa hilo ni kupima kazi kwa saa, si kwa maumivu. Mama ajaribu kwanza aone ni muda gani aweza kutwanga pasipo kulipia kesho yake. Ikiwa ni dakika kumi, basi atwange nane, apumzike, afanye kazi ya kukaa, kisha arudi kinuni kwa dakika nane nyingine. Afanye hivyo siku nzuri na siku mbaya vilevile. Hapo ndipo penye ugumu, kwani siku nzuri hudanganya. Baada ya juma moja au mawili aongeze dakika moja au mbili. Mwendo huo wafanana na wa kinyonga, na majirani watacheka, lakini kwa miezi michache mama aliyekuwa akilala siku tatu katika juma aweza kuwa anafanya kazi siku zote sita. Mkwe na wifi nao wafahamishwe, wasije wakamwita mvivu wakimwona ameketi kando ya kinu kabla unga haujaisha.

Zamani mama aliyeondolewa tezi za kwapani aliambiwa asiinue kitu kizito maisha yake yote, kwa kuogopa mkono kuvimba maji ya limfu. Onyo hilo liliwanyima wengi kazi zao. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa habari za wanawake 141 waliokuwa tayari na mkono uliovimba. Nusu yao waliinua vyuma mara mbili kwa juma, wakianza na vyepesi kabisa na kuongeza kidogo kidogo, mbele ya mwalimu, huku wamevaa mkono wa nguo inayobana. Uvimbe wao haukuzidi kuliko wa wenzao, na nyakati za kuvimba kwa ghafula zikapungua. Basi mama aweza kurudi kwenye ndoo na jembe. Asianze tu na ndoo iliyojaa. Hata maumivu ya vifundo yaletwayo na vidonge vya homoni hupunguzwa na kutembea kwa haraka na kutia misuli nguvu, kama ilivyoonekana Marekani kwa wanawake 121, katika habari zilizotolewa mwaka 2015. Mama asiviache vidonge hivyo kwa siri kwa ajili ya maumivu. Aseme kwa mganga wake, kwani viko vya namna nyingine.

Akina mama wenyewe ndio waliotangulia kuyatambua haya. Mwaka 1952, huko New York, Terese Lasser alipasuliwa kwa namna ya zamani, iliyoenezwa na mpasuaji Halsted wa Baltimore tangu mwisho wa karne ya 19, ambayo huondoa titi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Alipoamka hakuna aliyemweleza auinue mkono jinsi gani, wala ataonekanaje ndani ya nguo zake. Akajifunza mwenyewe. Kisha akaanza kuwatembelea wanawake wengine vitandani mwao, akiwaletea mpira mdogo wa kuminya, kamba ya kuvutia mkono, na titi la bandia la kutia ndani ya sidiria. Waganga wengine walimfukuza, wakidai kwamba aingilia kazi isiyo yake. Hakuacha. Mwaka 1969 chama kikubwa cha Kansa cha Marekani kikaipokea kazi yake, nayo ikavuka hata Ulaya. Twaandika haya kwa sababu katika parokia nyingi wamo akina mama wawili watatu waliopita njia hii, kila mmoja akifikiri kwamba ni siri yake peke yake. Wakikutana mara moja kwa juma kwa kunyosha mikono ukutani na kuulizana habari, hawahitaji ruhusa ya mtu.

Juu ya dawa tutasema machache, kwani ni kazi ya mganga. Parasetamoli yafaa kwa maumivu ya kawaida. Kwa yale ya kuwaka na kurusha umeme mganga aweza kutoa dawa ambazo kwanza zilitengenezwa kwa ajili ya huzuni nzito au kifafa. Mama akisoma hayo katika karatasi ya sanduku, asikasirike wala kufikiri kwamba amehesabiwa kuwa mwenda wazimu. Dawa hizo hutuliza mishipa ya fahamu, tena hazifanyi kazi siku ya kwanza.

Baba naye ana sehemu yake. Waume wengi huogopa kumgusa mke aliyepasuliwa, wakidhani watamwumiza, na mke adhani kwamba amechukiwa. Wote wawili wanyamaza, kila mmoja upande wake wa kitanda. Afadhali baba aulize tu: «Ni wapi panapouma, na wapi hapaumi?»

Yako maumivu ya kutongoja kabisa. Mkono ukivimba kwa ghafula, ukawa mwekundu na wa moto, pamoja na homa, mama aende kwa mganga siku ile ile. Hiyo ni sumu ya wadudu katika ngozi, nayo yahitaji dawa upesi. Akiona uvimbe mpya kifuani, kwapani au shingoni, mfupa ukimwuma mahali pamoja, usiku kuzidi mchana, ukiongezeka juma kwa juma, akikosa pumzi, mgongo ukiuma na miguu ikalegea: hayo nayo yachunguzwe bila kukawia. Kwa maumivu mengine yote, anunue daftari ya shule. Kila jioni aandike, au mtoto amwandikie, pameuma wapi, kwa namna gani, saa ngapi, alikuwa akifanya nini, na ni kazi gani aliyoshindwa. Siku ya kurudi hospitalini afungue daftari hiyo mezani kabla mganga hajauliza, kwa maana dakika za mganga ni chache, na mama aliyeulizwa kwa haraka hujibu kwamba hajambo.